Majina Pembezoni mwa Sala

Katika nyumba ya Elpidius Kaijage, jina la marehemu halikupewa mtu wa nje. Lilisomwa ndani, mlango umefungwa, mbele ya watu wa damu na wake walioolewa humo. Mgeni aliyekutwa na siku hiyo alipelekwa jikoni, akapewa ndizi, akasubiri.

Kanuni hiyo Elpidius aliipokea kwa baba yake aliyekuwa akikata roho, akaahidi kuishika; na baba yake aliipokea kwa babu, ambaye alikuwa katekista. Mtu anaweza kuuliza katekista aliitoa wapi kanuni kama hiyo, maana haimo katika mafundisho. Aliitoa kwa mama yake. Wazee wa Karagwe waliamini kwamba adui akilijua jina la mfu wako anaweza kumwita, na mfu akiitwa vizuri huitika, awe ameitwa kwa heri au kwa shari. Babu alibatizwa, akafundisha Amri za Mungu kilima kwa kilima kutoka Ndama hadi Kihanga, lakini hilo moja alikataa kuliacha. Alisema Mungu anayajua majina yote, kwa hiyo hakuna haja ya jirani kuyajua.

Majina yenyewe yalikuwa kitabuni. Kitabu kilikuwa cha sala, cha lugha ya kwao, kilichochapwa na wamisionari enzi za Wajerumani. Kila alipokufa mtu wa mji ule, katekista aliandika jina lake pembezoni mwa sala iliyokuwa ikisomwa pumzi ilipokatika. Aliyekufa katikati ya litania aliandikwa kando ya litania. Aliyekufa watu wakiwa kwenye Salamu Maria aliandikwa hapo. Chini ya jina aliongeza maneno machache: huyu alikufa njaa ya mwaka wa nzige, huyu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, akarudi na homa, huyu ni mtoto mchanga, nilimbatiza mwenyewe kwa maji ya kibuyu. Baba yake Elpidius aliendelea kwa penseli. Elpidius akafuata kwa kalamu ya wino. Kurasa nyingi zilikuwa zimejaa kandokando hadi sala ilionekana kama imezungukwa na watu.

Kitabu kilivikwa ngozi ya mbuzi aliyoishona babu kwa mkono wake. Kilikaa kwenye kichanja juu ya meko, ndani ya kipande cha lubugo, nguo ya magome ya mti, ili moshi ufukuze wadudu. Kilishushwa Novemba, Siku ya Marehemu, na kila palipotokea msiba. Hakuna aliyewahi kuuliza ni cha thamani gani. Swali hilo halikuwa na maana, kama vile kuuliza bei ya kizingiti.

Lilikuja kuwa na maana kwa sababu ya Ainebyona.

Ainebyona ni mdogo wake Elpidius, kitinda mimba. Baba yao alipofariki, kibanja, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kiligawanywa pande mbili. Upande wa juu, wenye nyumba, ulikwenda kwa Elpidius. Upande wa chini, wenye kahawa nzuri na makaburi ya wazazi, ulikwenda kwa Ainebyona, kwa hoja ya ukoo kwamba mtoto wa mwisho hukaa karibu na wazazi. Hoja ilikuwa nzuri, lakini mtoto wa mwisho hakuwa mtu wa kukaa. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba yake hakuing'oa wala kuichoma kama bwana shamba alivyoelekeza. Aliiacha ioze imesimama. Mwaka jana, kabla ya mavuno ya kahawa, aliuza upande wake wote kwa mtu wa Songambele, kule Kyerwa, bila kumwambia ndugu yeyote. Akanunua pikipiki.

Elpidius alimkuta nayo Omurushaka, ameegesha kwenye kivuli, anapangusa tangi.

"Umemuuza baba," Elpidius alimwambia. Hakumsalimu.

"Nimeuza migomba, kaka. Baba hayumo kwenye hati."

"Na mama?"

"Mama ndiye aliyeniambia nikatafute maisha. Haya, nimeyatafuta. Panda nikupeleke nyumbani, usije ukatembea na mgongo huo. Wewe sikutozi."

Elpidius alirudi kwa miguu. Alikuwa amevuka miaka sitini, na mgongo wake ulikuwa umeinama kwa kubeba magunia ya kahawa ambayo bei yake alipangiwa na wengine maisha yake yote. Ni mtu ambaye hakuwahi kushtakiwa na mtu, na ambaye katika jumuiya alipewa funguo za kila sanduku kwa sababu hakuna aliyemwona akilitamani. Mtu wa namna hiyo, akipatwa na jambo la kupigania, huwa tayari amekwisha kuchoka.

Ukoo ulikutana. Desturi ya huku ni kwamba ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni, ndugu ana haki ya kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi alicholipa. Mnunuzi, jina lake Nsanzimana, aliitwa kikaoni. Alikuja amevaa koti, akakaa kwenye ncha ya benchi. Familia yake ilitoka Rwanda zamani. Yeye mwenyewe alianza kwa kulima vibarua katika mashamba ya watu, akajinyima mpaka akaweza kununua lake.

"Wazee wangu, mimi sikuiba," alisema. "Nilikuja na mashahidi, nikalipa mchana kweupe. Lakini sitaki kulima juu ya manung'uniko ya mtu. Mkinirudishia changu kabla ya mvua za Septemba, nitakwenda kutafuta kwingine. Mvua zikinikuta hapa, nitapanda. Nina watoto."

Hakuna aliyeweza kusema mtu huyo amekosea. Wazee waliandika muda huo, wakamgeukia Elpidius, wakatawanyika. Wanaukoo walipotakiwa kuchangia, kila mmoja alikuwa na ada ya shule. Mtu akitaka kujua ukoo wake ni mkubwa kiasi gani, asihesabu waliokuja kwenye kikao. Ahesabu waliobaki baada ya neno mchango.

Elpidius aliuza mbuzi. Aliuza kahawa yake ikiwa bado mitini, kwa bei ya kuumiza. Binti yake Kemirembe, aliyeolewa Kihanga, alileta alichopata bila mumewe kujua. Vyote pamoja havikufika nusu.

Julai kulitokea msiba wa jirani, na Elpidius aliombwa aongoze sala, akaenda na kile kitabu. Miongoni mwa wafiwa alikuwako Felicitas, mpwa wa marehemu, anayefanya kazi Dar es Salaam mahali panapotunzwa nyaraka za zamani. Ni mwanamke wa makamo, mpole, anayevaa miwani yenye kamba shingoni. Sala ilipokwisha alimfuata Elpidius kwenye benchi, akapiga magoti kama alivyolelewa.

"Shikamoo, tata," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Marahaba, mwanangu. Poleni."

"Tumeshapoa. Samahani, tata, hicho kitabu ni cha nani?"

"Changu. Cha babu."

"Naomba nikishike."

Alikishika kwa namna ambayo Elpidius hakuwahi kuona mtu akishika kitabu, kwa viganja viwili, kama mtu aliyepewa kifaranga. Alisoma ukurasa wa kwanza, wenye mahali na mwaka wa kuchapwa. Alipotaka kufunua zaidi, Elpidius alikirudisha mikononi mwake.

"Ndani ni sala tu."

"Najua. Nataka kuonyesha wenzangu ninaofanya nao kazi. Vitabu vya namna hii vimebaki vichache. Yawezekana kina thamani, tata, na yawezekana hakina. Sitaki kukudanganya."

"Thamani ya kukomboa shamba?"

Habari ya shamba ilikuwa imeenea, na Felicitas alikuwa ameisikia jikoni. "Niache niulize," alisema.

Alipiga picha za ngozi kwa nje na za ukurasa wa kwanza. Akaomba na ukurasa mmoja wa ndani, ili waone herufi. Elpidius alifunua mwenyewe. Alitafuta ukurasa wenye majina machache, akaweka kiganja pembeni kuyafunika, na kidole gumba juu ya jina lililobaki. Felicitas aliona, akadhani mzee anashikilia ukurasa usijifunge. Hakuuliza, na Elpidius hakueleza. Ndivyo watu wazuri wanavyoharibiana mambo, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Agosti simu ililia. Mackrine, mkewe, ndiye aliyeipokea. Akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Tata, wapo wanaokitaka," Felicitas alisema. "Ni chuo kimoja. Wamekiangalia sana, na wamenipa bei ambayo sikuitegemea."

"Shamba?"

"Inatosha kulikomboa, na kitu kitabaki. Ila lazima nikione chote kwanza kwa macho yangu. Kuna mambo nitakuuliza nikifika, si ya simu. Mwanzoni mwa Septemba nitakuwa huko. Kitunze, usimpe mtu mwingine."

Mackrine alipiga vigelegele peke yake uani, kisha akakaa chini akalia. Huyu ni mwanamke aliyekwisha kuzika watoto wawili katika upande ule wa chini, pembeni mwa wakwe zake, na tangu shamba liuzwe alikuwa hapiti njia ile.

Felicitas hakusema kwenye simu ni nini hasa kilichopandisha bei. Alikuwa na sababu. Katika kazi yake aliwahi kuona wenye vitu wakiambiwa thamani mapema, madalali wakaingia kati, na mwishowe kitu kikapotea na mwenye kitu akalaumu serikali. Kwa hiyo alijizoeza kusema nusu na kuiweka nusu. Ni tabia ya wasomi wengi, nao huiita uangalifu. Lakini nusu ya ukweli ikimfikia mtu mwenye shida, yeye huijazia nusu ya pili kwa anachokijua.

Na alichokijua Elpidius ni hiki. Huku kwetu, ng'ombe akiuzwa, kamba yake hubaki. Mnunuzi huja na kamba yake mwenyewe, amfunge, aondoke naye. Ile ya zamani mwenye ng'ombe huivua na kuiweka nyumbani, ili baraka ya zizi isifuate mkia nje ya lango. Hata mtu aliyesoma, hata mlokole, akiuza ng'ombe huvua kamba. Kuuza kitu bila kukivua mambo ya nyumba yako ni kujitoa mwenyewe mkononi mwa mgeni.

"Kitabu kitakwenda," alimwambia mkewe siku chache kabla ya Septemba. "Majina hayaendi."

Mackrine alikuwa anamenya ndizi. "Utayatoaje? Yako kila mahali."

"Kwa wembe na rula."

"Yule binti alisema ukitunze."

"Ndiyo kukitunza. Wewe unampa mgeni chombo chenye makombo? Watu wa chuo wanataka sala zilizochapwa. Mwandiko wa babu watafanya nao nini? Na ile ngozi inanuka moshi, mpaka nimeona aibu."

"Mimi sijui mambo ya chuo," Mackrine alisema. "Ila kuku akishanyonyolewa, Baba Kemirembe, hakuna anayemnunua kwa ajili ya mayai."

"Basi nimpe mgeni wa huko majina ya watoto wako?"

Hapo Mackrine aliinama juu ya ndizi zake, akaendelea kumenya.

Walifunga mlango wakaianza kazi baada ya chakula cha mchana. Elpidius alikata ukurasa baada ya ukurasa, akifuata rula, akiacha sala na kuondoa pembezo. Alikuwa amezoea kupogoa kahawa, na alikata kama anayepogoa, akiamini mti utazidi kuwa mzuri. Mackrine alipokea vipande na kuvilaza kwenye ungo. Ilipofika sala moja ya jioni aliomba akishike kile kipande kwanza. Alikishika, kisha naye akakiweka kwenye ungo.

Kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Hilo ni fundisho la Kanisa: huchomwa, na majivu huzikwa mahali pa heshima. Elpidius alichoma vipande vyote uani, akilitaja kila jina kwa sauti ya chini moto ulipolifikia. Ile ngozi ya mbuzi akaichoma pia. Majivu aliyapeleka upande wa chini akayafukia katikati ya makaburi, kwa kuwa mvua zilikuwa bado na shamba lilikuwa bado halijapandwa na mwingine.

Kisha akakipeleka kitabu kwa fundi viatu mjini Kayanga, kikavishwa jalada jipya la rekisini, ile ngozi ya bandia, jekundu.

"Mzee, hiki kitabu chako kilifunga Kwaresima?" fundi alimtania, akikipima kwa vidole. "Kimekonda mbavu!"

"Weka gundi," Elpidius alisema, na kwa mara ya kwanza tangu shamba liuzwe alitabasamu.

Felicitas alifika kama alivyoahidi. Mackrine alikuwa amefagia mpaka barabarani na kupika kuku. Kitabu kiliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Felicitas alitazama meza, akatazama kichanja, akatazama tena meza.

"Na kile kingine kiko wapi, tata?"

"Ndicho hicho."

Alikaa. Alikifunua katikati, akakifunua mwanzoni, akakifunua mwishoni. Akavua miwani.

"Pembezo zimekwenda wapi?"

Elpidius alieleza kwa furaha kidogo. Alieleza juu ya majina na babu yake, kamba ya ng'ombe, wembe, moto na majivu. Alieleza kwamba hakuacha jina hata moja, ili mgeni asikute lolote la kuaibisha. Kadiri alivyoeleza ndivyo Felicitas alivyozidi kuinama, na Mackrine, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya kuku, hakuingia.

"Tata," Felicitas alisema mwishoni, "sala hizi zilizochapwa wanazo. Ziko nakala nyingine, maktaba kadhaa, hata huko Ulaya. Mimi mwenyewe nilidhani ni hizo zilizo adimu. Lakini kwenye ile picha, chini ya kidole chako, maandishi yalitokeza kidogo. Walikuza picha wakasoma neno nzige na mwaka. Wakaniambia, mwulize mzee kama yapo mengine. Kama yapo, bei ni hiyo. Walikuwa wananunua mwandiko wa babu. Na ngozi aliyoishona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia ana kwa ana."

"Mbona hukuuliza kidole kile kinaficha nini?"

"Nilikuonea haya, tata. Na wewe mbona hukusema?"

Kuku alipoa.

"Sasa hiki ni cha bei gani?" Mackrine aliuliza kutoka mlangoni.

Felicitas alikilaza kitabu chini. "Nikisema kweli, mama, pengine mbuzi mmoja. Na hapo ni mimi nitakayenunua, kwa kuwa nimewaletea hasara."

Kisha alitoa shauri la pili. Lilikuwa shauri zuri, nalo ndilo lililomtesa Elpidius kuliko la kwanza. Alisema: wewe unayakumbuka. Umeyasoma kila Novemba tangu utoto. Kaa nami siku hizi chache, uniambie jina kwa jina, sala kwa sala, nani alikufa kwa nini. Nitarekodi. Chuo wana fungu la kazi kama hiyo. Si bei ile, lakini linatosha kumpelekea Nsanzimana cha kushika mkononi, asubiri msimu mwingine.

"Rekodi itasikilizwa na nani?" Elpidius aliuliza.

"Na wanafunzi. Watafiti. Yeyote atakayeomba kibali."

"Watu wa nje."

"Ndiyo, tata. Siwezi kukuficha hilo."

Elpidius alitazama mikono yake. Mara ya kwanza alikuwa ameshika kanuni bila kujua bei yake. Sasa bei ilikuwa mezani, imetajwa, na aliyeitaja alikuwa binti mwaminifu asiyetaka hila. Wako watu watakaosema hapa angepaswa kulegeza; kwamba kanuni ya hofu si kanuni; kwamba marehemu waliokwisha kuombewa hawawezi kuitwa na mtu yeyote. Paroko mwenyewe angemwambia hivyo kama angekwenda kumwuliza. Hakwenda. Lakini mtu aliyeahidi mbele ya baba yake anayekata roho, kisha akavunja ahadi kwa sababu imekuwa ghali, hakuwa ameahidi kitu. Alikuwa anasubiri bei.

"Waitu, mwanangu wa kwetu, nenda salama," alisema. "Umejitahidi. Sitaweza."

Felicitas hakumbembeleza. Aliaga kwa magoti kama alivyokuja. Pesa ya mbuzi mmoja aliiacha chini ya sahani, na kitabu chekundu hakukichukua.

Mackrine alingoja mpaka mgeni avuke uzio.

"Baba Kemirembe, nikuulize. Majina yao umeyalinda. Wenyewe je, unawapeleka wapi?"

"Watabaki pale pale."

"Pale pale kwa nani? Miguu ya watoto wangu itakuwa shambani kwa Nsanzimana, na wewe unalinda herufi! Ungewataja. Mimi mama yao nimekubali. Kama kuna mchawi Ulaya anataka kumwita mtoto wangu, amwite, atanikuta mimi nimesimama hapo!"

"Si watoto wako peke yao waliomo."

"Hao wengine mimi sikuwazaa," alisema, akabeba kuku kumrudisha jikoni.

Mvua zilianza katikati ya Septemba. Elpidius alipeleka kwa Nsanzimana alichokuwa nacho, akaomba muda. Nsanzimana alikihesabu kwa heshima, akakirudisha mikononi mwake chote.

"Mzee Kaijage, ningekuwa mtu wa peke yangu ningesubiri. Mbegu ya maharage ninayo ndani, nayo inaliwa na wadudu. Nionyeshe tu makaburi yanaishia wapi, nisikosee."

Elpidius alimwonyesha. Walitembea pamoja, mmoja akichomeka vijiti, mwingine akivisogeza nje kidogo ili nafasi iwe ya kutosha. Na aliyevisogeza nje alikuwa Nsanzimana. Siku iliyofuata familia yake ilipanda. Walipanda vizuri, kwa mistari, na migomba iliyooza waliing'oa yote wakaichoma, jambo ambalo Ainebyona alishindwa kulifanya kwa miaka mitatu. Ainebyona mwenyewe alipita barabarani na abiria, akapiga honi.

Siku ya Marehemu Elpidius alifunga mlango, akasoma majina yote kwa kichwa, kuanzia yale ya wino wa babu hadi yale aliyoyaandika mwenyewe. Hakusahau hata moja. Aliyasoma peke yake. Mackrine alikuwa amekwenda kwa Kemirembe Kihanga tangu jana yake, akisema anakwenda kusaidia kuchambua senene, na Kemirembe hakuwa amemwita.

Jioni Elpidius alichuma maua, akashuka. Kwenye mpaka mpya alisimama, akapiga hodi. Mtoto wa Nsanzimana alitoka kwenye kibanda walichokijenga baada ya kupanda, akamtazama asimjue, akarudi ndani kumwuliza baba yake kama mzee huyu aruhusiwe kupita.

Elpidius Kaijage alishika kanuni ya nyumba yake mara mbili, mara moja bila kujua na mara moja akijua. Ilimgharimu ardhi waliyozikwa wazazi wake na watoto wake, na mke aliyekuwa akiitikia sala zake.